Kitunguu cha Barafu na Heshima ya Mchuzi

Wako wazee wenzangu wa barazani wasiotaka hata kusikia habari ya kitunguu kilichogandishwa. Kwao wao kitunguu ni kile kilichomenywa saa hiyo na kukatwa saa hiyo. Kinachotoka kwenye friji hukiita maiti. Maneno haya huyasikia zaidi mwezi wa Shaabani, majumba yetu yanapojiandaa kwa Ramadhani, na aghalabu wayasemao ni watu wasioshika kisu wala ubao.

Upishi wetu wa Pwani, msomaji mpenzi, umesimama juu ya kitunguu maji. Pilau hupata rangi yake kwa kitunguu kilichokaangwa kikawa hudhurungi. Biriani haiwi biriani bila yake. Mchuzi wa nyama na sambusa navyo hukihitaji. Ramadhani ikiingia, kazi hii hurudiwa kila siku baada ya alasiri, na aifanyaye amefunga kama sisi tunaomngojea. Nusu saa ya kumenya na kukata, ukiihesabu kwa siku 30, ni saa 15. Ni saa ambazo mama huyu angepumzika, au angesoma juzuu yake.

Kisha iko hali ya hewa yetu. Kitunguu hupenda mahali pakavu penye upepo, na unyevu wa bahari haukipi nafasi. Gunia lililonunuliwa Kongowea kwa bei nafuu, likikaa, huanza kuchipua na kuoza. Bei nayo haitulii. Vitunguu vingi tulavyo Kenya hutoka Tanzania, mathalan vile vyekundu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, na mavuno yakipungua huko, mfuko unaoumia ni wetu huku. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya vitunguu huoza, ila ukiipeleka kwenye baridi.

Je, barafu hukifanya nini kitunguu? Karibu sehemu tisa kwa kumi za kitunguu ni maji. Maji hayo yakiganda hutanuka na kuwa chembe zenye ncha, zikavipasua vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo hukipa kitunguu ugumu wake. Kikiyeyuka huwa laini, chenye majimaji. Ladha yake kwa sehemu kubwa imebaki. Kilichokwenda ni ule mkatiko wake menoni. Kwa hivyo hakifai kachumbari hata kidogo. Lakini kwa mchuzi ulaini si aibu, maana tungekipika hadi kilainike vilevile.

Machozi nayo yana sababu yake. Kisu kinapokata kitunguu, vitu vilivyokuwa vimetengwa ndani yake hukutana na kutoa mvuke wenye asili ya kibiriti, ukayachoma macho. Mwaka 2002 wataalamu wa Kijapani walikitambua kimeng'enya maalumu kinachoutengeneza mvuke huo. Baridi huipunguza kasi kazi hiyo, ndiyo maana kitunguu kilichokaa kwenye friji kwa muda kabla ya kukatwa huliza kidogo. Na anayekata vya wiki mbili kwa siku moja, hulia mara moja tu.

Njia yenyewe ni nyepesi. Chagua vitunguu vigumu visivyochipua, menya, osha, pangusa maji, kisha katakata. Havihitaji kuchemshwa kwanza kama mboga nyingi nyingine. Vitandaze kwenye sinia kwa safu nyembamba, uvigandishe hadi viwe vigumu, ndipo uvitie katika mikebe yenye vifuniko vya kubana. Ukivirundika vingali vibichi, vitashikana viwe jiwe moja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na mkebe ni bora hata hivyo, kwani huzuia harufu. Barafu haiui harufu ya kitunguu. Sayyidna Umar alikwisha kutufunza kwamba kinachoiua ni kupika. Usipofunika vyema, watoto watakaokuja kununua barafu za ukwaju mlangoni kwako watazirudisha.

Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, vitakaa miezi mitatu hata sita vikiwa na ladha nzuri. Ukitaka kupika, usivingoje viyeyuke. Vitie sufuriani vikiwa vimeganda, taratibu, kwani barafu ikikutana na mafuta ya moto huruka. Vipe dakika zaidi maji yakauke. Rangi ya hudhurungi haviipati kwa urahisi, kwa hivyo vya pilau na biriani vikaange kwanza vikiwa vibichi, vichuje mafuta, vipoe, ndipo uvigandishe. Vya sambusa vikate siku ile ile, la sivyo maji yake yatalowesha manda.

Jambo la kuhadhari ni umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliikumba karibu nchi nzima, na wengi walifungua friji kila saa kutazama kama nyama i salama. Hilo ndilo linaloharibu. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huhifadhi baridi yake kwa muda wa saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Tena baridi haiui vijidudu, huvilaza tu. Kitunguu kilichokwisha kuyeyuka kikawa na joto kisirudishwe.

Limebaki neno moja, nalo ni letu wanaume. Siku ya kumenya kilo tano za vitunguu ni kazi ya mikono mingi, nasi mikono tunayo. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake. Anayejivunia kuifuata Sunna msikitini, Shaabani ikiingia na akae jikoni na kisu, alie na wenziwe. Ramadhani itakapofika, mke wake atapata kuketi na msahafu wake kabla ya adhana ya magharibi, na mchuzi utaliwa kwa heshima yake ile ile.