Chakula cha mgonjwa wa figo: Ndimu ruksa, birimbi hapana

Mgonjwa wa figo akishaambiwa apunguze chumvi, swali nyumbani huwa moja tu: sasa mboga italiwaje? Kwa familia ya Vugiri, Korogwe, majibu mengi yako sokoni. Tatizo ni kwamba baadhi ya vitu vinavyowekwa badala ya chumvi vinaweza kuwa hatari kuliko chumvi yenyewe.

Kwa nini chumvi?
Figo zikichoka, hushindwa kutoa sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Sodiamu hubaki mwilini na kuvuta maji, miguu inavimba, presha inapanda. Presha nayo inazidi kuziumiza figo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hapo imehesabiwa pia ile iliyojificha: viungo vya pakiti vya mchuzi, tomato sosi, pilipili ya chupa na achari. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi pekee kinakaribia nusu ya sodiamu ya siku nzima. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu.

Mtego wa kwanza: “chumvi isiyo na sodiamu”
Chumvi nyingi za aina hii hutengenezwa kwa potasiamu. Figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Soma lebo, na usiitumie bila ruhusa ya daktari. Ukwaju na nyanya ya kopo pia vina potasiamu nyingi.

Mtego wa pili: birimbi
Mkoani Tanga birimbi huungwa kwenye mchuzi na achari. Lina oksaleti nyingi, ambayo hugeuka chembe ngumu ndani ya figo. Mwaka 2013, madaktari wa Kerala, India, waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa juisi yake.

Ndugu yake, tunda la nyota lenye pembe tano, lina pia sumu inayoathiri ubongo wa mgonjwa wa figo. Akilila kisha akapata kwikwi isiyokatika, kuchanganyikiwa au degedege, awahishwe hospitali.

Basi aunge na nini?
Ndimu au limao, siki, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari, pilipili manga, iliki na mdalasini. Vyote vitumike kwa kiasi cha kawaida cha mapishi, si vikombe vya “dawa”.

Kachumbari inafaa: kitunguu, tango, ndimu na pilipili, bila chumvi. Nyanya iwe kidogo kama daktari amezuia potasiamu. Kiwango cha kila mgonjwa hutegemea vipimo vyake vya damu, kwa hiyo siku ya kliniki aulize: “Potasiamu yangu ikoje?”