Kisangani: Filamu za familia ziokolewe kabla diski hazijaharibika

Katika nyumba nyingi za Kisangani, jimboni Tshopo, filamu za ndoa na za matanga zingali kwenye DVD. Diski iliyochomwa kwa kompyuta ina tabaka jembamba la rangi linaloshika picha na sauti. Joto, unyevu na jua huiharibu rangi hiyo, na mji huu wa kando ya mto Congo haukosi joto wala unyevu.

Ili ubora usipungue, diski ipanguswe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni, kisha inakiliwe nzima kwenye kompyuta. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, diski ya nje ya gigabaiti 500 inatosha kwa filamu kama 100. Anayebana faili ili kupata nafasi hupoteza ubora, wala haurudi tena. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nakala ianzwe upya. Nakala ya pili ikae kwa ndugu, nyumba nyingine.

Kisangani inajua thamani ya kumbukumbu. Mwaka 2020, Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji huu, alitoa filamu En route pour le milliard, juu ya majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000 walioshuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu hiyo imeonyeshwa katika nchi nyingi. Ile ya mama aliyefariki, mara nyingi iko kwenye diski moja tu.