Panadol ya Kaptembwo na mizania ya London

Ingia kemisti yoyote ya Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru, uombe Panadol: utakatiwa vidonge viwili vitatu na kwenda zako. Jina hilo ni mali ya Haleon, kampuni ya Uingereza iliyojitenga na kampuni ya dawa ya GSK Julai 2022 ikiwa na Panadol, Sensodyne na ENO mkononi. Katika mizania yake upo mstari ambao wengi huuruka: mali, mitambo na vifaa, baada ya kutoa uchakavu. Viwanda na mashine zote za kampuni hiyo zimo humo, na mwisho wa 2022 jumla yake haikufika pauni bilioni 2.

Hesabu yenyewe hata mwenye kemisti anaijua. Tuseme alinunua friji ya dawa kwa shilingi 60,000, akakadiria itamfaa miaka 6. Kila mwaka mhasibu wake ataipunguza thamani kwa shilingi 10,000 na kuziandika kama gharama ya biashara. Mwaka wa nne ukiisha, vitabuni zimebaki 20,000. Sokoni friji hiyo huenda ikaleta 30,000, au 8,000. Kilichobaki vitabuni si bei. Ni sehemu ya gharama ambayo haijahesabiwa bado. (Mamlaka ya mapato, KRA, nayo ina viwango vyake vya kodi, kwa hiyo friji moja yaweza kuwa na thamani mbili siku hiyo hiyo, na hakuna aliyedanganya.)

Ardhi inayomilikiwa moja kwa moja haipunguzwi hivyo, na Nakuru ina ushahidi wa tofauti hiyo. Kiwanda cha betri cha Eveready kilianza hapa mwaka 1967. Kampuni ikaingia Soko la Hisa la Nairobi 2006, kisha 2014 ikakifunga, imezidiwa na betri za bei rahisi kutoka nje. Mashine ya kutengenezea betri ikikosa betri za kutengeneza, ni nani ataitaka? Ardhi iliyokuwa chini yake, ambayo haikutoa betri hata moja, ndiyo iliyokuja kuipa kampuni faida ilipouzwa.

Turudi kwa Haleon. Majina ya bidhaa zake yaliandikwa vitabuni kwa takriban pauni bilioni 20, na mengi hayapunguzwi mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hayakuwekewa ukomo wa maisha. Thamani yake kubwa imo kwenye majina, si kwenye mashine; ndiyo maana 2024 iliweza kutangaza kwamba itafunga kiwanda chake cha Maidenhead, Uingereza, bila dawa ya meno ya Sensodyne kutoweka madukani. Kwa kampuni ya aina hii, mstari mdogo wa mitambo haunitishi.

Kinachonitisha hakionekani kwenye mstari wenyewe. Fungua maelezo ya hesabu za kampuni yoyote, ulinganishe gharama ya awali ya mitambo na uchakavu uliokwisha kulimbikizwa. Uchakavu ukiwa umekula sehemu kubwa ya gharama, na kwa miaka kadhaa kampuni inanunua vifaa vipya kwa pesa pungufu ya uchakavu wa mwaka, basi faida inayotangazwa imetokana kwa kiasi fulani na kuahirisha ununuzi wa mashine. Gawio litapendeza kwa muda. Mimi hisa za kampuni kama hiyo nisingezinunua kabla wakurugenzi hawajaeleza mashine hizo zitabadilishwa lini na kwa pesa zipi.