Hiba ya Nyumba na Gharama za Uzeeni

Wazee wengi wa pwani hupenda kuwagawia wana wao mali wangali hai, ili kusizuke ugomvi baada ya mauti. Hiba ni jambo jema, na masharti yake yanajulikana: mwenye mali atoe kwa hiari, mpewa akubali, kisha mali ikabidhiwe. Hata hivyo, ndugu zetu wenye wazazi huko Uingereza watahadhari, kwani hiba iliyotimia kwa sheria ya dini haimalizi hesabu ya serikali.

Katika England, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014, halmashauri hupima mali ya mzee anayehitaji kutunzwa. Mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia gharama zote. Akihamia moja kwa moja katika makao ya wazee, nyumba yake nayo huhesabiwa, isipokuwa mkewe au mumewe angali akiishi humo.

Je, akiwa ameshampa mwanawe nyumba hiyo? Halmashauri huuliza mambo mawili: alipoitoa, alikuwa na sababu ya kutazamia kwamba atahitaji kutunzwa? Na je, kukwepa malipo kulikuwa miongoni mwa makusudio yake makubwa? Ikithibitika hivyo, mzee huhesabiwa kana kwamba nyumba bado ni yake, na aliyeipokea aweza kudaiwa kwa kadiri ya alichopata. Wapo wasemao kwamba miaka saba ikipita mambo yamekwisha. Hilo ni kosa: miaka saba ni ya kodi ya urithi. Katika gharama za utunzaji hakuna mpaka wa miaka.

Jambo hili lisitushangaze. Fiqhi yetu pia hutazama wakati wa kutoa: hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia, isizidi thuluthi ya mali.

Hasara kubwa humwangukia mzee mwenyewe. Nyumba hana tena, na msaada amenyimwa kwa sababu ya nyumba hiyo hiyo. Mwana akifilisika au akiachana na mkewe, huenda hata paa la kumsitiri mzazi likapotea.

Basi kabla ya kutia saini, mzazi na wanawe wakae pamoja, wamuulize mwanasheria wa huko na shekhe wanayemwamini. Na ikiwa hiba imekwisha kupita, mwana akumbuke kwamba amepokea nyumba, na haki ya mzazi ingali shingoni mwake.