Kulipa taslimu au kukata bima ya afya: Ipi hukumu yake?

Mkulima wa Miono, katika Halmashauri ya Chalinze, huuza ufuta wake kwa msimu, na maradhi hayangoji msimu. Mtoto akishikwa na malaria kali wakati wa masika, mzazi asiye na taslimu hukopa, au huuza kipande cha shamba kwa bei ya kutupa. Hata hivyo wapo ndugu zetu wanaokataa bima kwa kuwa wamesikia msikitini kwamba bima ni haramu, basi. Neno hilo linahitaji ufafanuzi.

Kulipa taslimu hakuna utata: huduma inajulikana, bei inajulikana, na watu wanaachana bila deni. Ama anayekata bima kwenye kampuni ya biashara, yeye hutoa fedha leo kwa kubadilishana na kitu asichokijua. Huenda asiugue mwaka mzima, huenda akatibiwa kwa mamilioni. Hiyo ndiyo gharari, na Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari katika Hadithi iliyopokewa na Muslim. Jambo lenyewe si geni. Ibn Aabidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 A.H. (1836), alizungumzia "sukra", yaani bima ya shehena za baharini, akaona si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia kwa mkataba wa aina hiyo uliofungwa katika nchi ya Kiislamu.

Mwaka 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya OIC liliharamisha bima ya kibiashara na kuruhusu bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya tabarrui. Mwaka 2005, likikutana Dubai, liliitazama bima ya afya peke yake. Likaruhusu mtu kufunga mkataba moja kwa moja na hospitali kwa malipo maalumu, kwa masharti yanayopunguza gharari, kwa kuzingatia haja ya watu. Likaruhusu pia bima ya kampuni ya Kiislamu, na kuizuia ya kampuni ya kibiashara.

Hapa sisi watu wa pwani tuwe wakweli. Madhehebu yetu ya Shafi yana ukali katika hiba ya kisichojulikana. Waliosamehe gharari katika tabarrui ni Wamaliki, na al-Qarafi (aliyefariki 684 A.H.) ameieleza tofauti hiyo katika al-Furuq. Asiyepata kilicho chake hajadhulumiwa chochote, maana hakununua. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameifuata rai hiyo, nasi tunaiona ina nguvu. Kisha tuwakumbuke Ash'ariyyina, ambao chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu.

Sasa tuutazame Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Haukuwa na mwenye hisa anayegawana faida, na serikali iliongeza fungu lake, lile lililoitwa "tele kwa tele". Kwa sura hiyo uko karibu zaidi na kapu la Ash'ariyyina kuliko duka la bima. Na mwalimu anayekatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF hana hiari, basi hapati dhambi kwa makato hayo.

Kwa hiyo anayeuliza kuhusu mpango wowote, ukiwemo ule wa sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, asomewe mkataba kwanza: Nani mmiliki wa fedha? Ziada inakwenda wapi? Akiba inawekwa kwenye riba? Na mwenye kadi anayeambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, kisha akanunue taslimu duka la jirani, ana haki ya kudai, kwa kuwa aliahidiwa.

Wallaahu a'lam.