Salum Abdallah na Ustadi wa Kuongoza Bendi

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta ambaye sifa zake zilikwisha kuvuka bahari, alipoivunja bendi yake kubwa huko Marekani mwaka 1947, zama za bendi za namna ile zilikuwa zikikaribia tamati. Ilhali kwetu Tanganyika jina la jazi lilikuwa likistawi, kwani Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, na mwaka 1948 kijana wa Morogoro, Salum Abdallah Yazidu, mzaliwa wa 1928, akaasisi bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba.

Jazi yetu, pamoja na jina lake la Kimarekani, aghalabu ilichota kutoka Cuba. Santuri za mfululizo ulioitwa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilituletea son, muziki wa magitaa na waitikiaji ambao makundi ya Havana yalikuwa yameutilia tarumbeta mnamo 1927. Salum alizihusudu santuri hizo hata, yasimuliwa, akatoroka kwao kwa azma ya kufika Cuba kwenyewe, safari ikamkomea Mombasa.

Wengi hudhani kiongozi wa bendi ni yule mwenye sauti nzuri tu. La, hasha. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika haikuchukua ila kama dakika tatu kila upande, na katika wasaa huo mfinyu ni juu ya kiongozi kukadiria gitaa litangulie kwa kiasi gani, beti zikome wapi, waitikiaji waingie lini. Msikilize mpiga vijiti katika son: hugonga mara tatu, kisha mara mbili, bila kubadili, na ala zote humfuata yeye, akiteleza mara moja, wimbo mzima huharibika. Kuwafunza watu nidhamu ya mahadhi ya kigeni, kisha kuyavisha Kiswahili fasaha hata msikilizaji wa “Ngoma Iko Huku” asihisi ugeni wowote, hiyo ndiyo kazi ya Salum, nami naihesabu kuwa adhimu.

Kampuni ya Assanand ya Mombasa ilizitoa nyimbo zake kwa chapa ya Mzuri, na redio, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa njia ya muziki wa dansi kutufikia hata sisi watu wa Ziwa Victoria. Siku hizi vijana wa Pasiansi, hapa Mwanza, tarumbeta huijua zaidi ikipulizwa juu ya gari la harusi katika barabara ya uwanja wa ndege, wala si vibaya. Ila wajue kwamba ala hiyo ina historia ndefu zaidi nchini.

Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajatimiza miaka arubaini. Juma Kilaza akashika uongozi na bendi ikaendelea kutamba, dalili ya msingi uliojengwa barabara.

Karatasi ya katikati ya santuri zile hutaja kiongozi na bendi, basi, wapigaji hawatajwi. Kwa hiyo, ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu zimesalia santuri, zisimamishe wima mbali na jua, na ikiwa yupo mzee aliyecheza dansi zama hizo, muulize leo nani alipiga gitaa na nani alipuliza, uandike majina yao.