Nusu Siku Kwenye Maji ya Kasi ya Jinja

Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, upande wa Uganda. Mito ya Simiyu, Mara, Kagera na mingine huingiza maji. Mto Nile peke yake ndio unaoyatoa. Kuanzia hapo mto huteremka takriban mita 100 kabla ya kufika Ziwa Kyoga, na mteremko huo ndio unaoyageuza maji yaliyotulia mbele ya Mwanza kuwa mawimbi yenye povu. Juu ya mawimbi hayo, tangu miaka ya 1990, watu hushuka kwa boti za mpira wakiwa na waongozaji.

Maporomoko ya mto yamepungua. Bwawa la Owen, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954 na kuyafunika maporomoko ya Ripon. Bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, likayazamisha maporomoko ya jina hilo, na la Isimba mwaka 2019 likameza sehemu nyingine ya chini. Maporomoko ya Kalagala na Itanda bado yapo. Mwaka 2007 Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia kuyahifadhi, ahadi inayostahili kulindwa kwa macho mawili.

Ukali wa maji hupimwa kwa madaraja sita. La 1 ni maji yanayotiririka tu. La 3 lina mawimbi yanayorusha boti, lakini njia huonekana wazi. La 5 linahitaji ustadi mkubwa. La 6 halipitiki kwa wateja. Safari ya familia hukaa kwenye madaraja ya chini, na boti yake huendeshwa na mwongozaji mwenyewe kwa makasia mawili marefu yaliyofungwa kwenye fremu, hivyo watoto na wazazi hushika kamba tu. Vijana na watu wazima hupiga kasia wenyewe na hupitia mikondo mikali zaidi. Palipo na daraja la 6, kama sehemu ya juu ya Itanda, abiria hushuka na kupita nchi kavu.

Mgeni huweza kushangaa kwamba asiyewahi kushika kasia anaruhusiwa kwenye mto mkubwa hivyo. Sababu iko kwenye maji yenyewe: ni mengi na yana kina, kwa hiyo miamba mingi iko chini sana, maji yenyewe si ya baridi, na baada ya mkondo wa kasi kwa kawaida hufuata kidimbwi kipana kilichotulia, ambapo aliyeanguka huokotwa. Mto Sagana nchini Kenya, kwenye maji ya juu ya Mto Tana, ni mwembamba zaidi na hutegemea sana mvua.

Kazi kubwa ya asubuhi hufanyika kabla ya boti kuondoka. Mwongozaji humvalisha kila mtu helmeti na jaketi la kuokolea maisha, kisha hushika mikanda ya mabegani na kulivuta jaketi juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, linakazwa upya. Kando ya ziwa ambamo meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018 karibu na Ukara, hakuna haja ya kueleza kwa nini hatua hii hairukwi.

Kisha huja mazoezi kwenye maji tulivu. Abiria hukaa ukingoni mwa boti, mguu mmoja ukiwa umebanwa chini ya bomba la hewa linalokatiza katikati. Kiganja cha juu hufunika kichwa cha kasia muda wote, kwa sababu kichwa hicho kikiachwa huru ndicho kinachovunja meno ya jirani. Wawili wa mbele huweka mwendo, wengine huwafuata. Amri ni chache: mbele, nyuma, acha, na ile ya kuinama na kushika kamba.

Anayeanguka hulala chali, miguu juu ikielekea mto unakokwenda, wala hajaribu kusimama, maana mguu ukinasa kati ya mawe, maji humwelemea. Wapiga kayaki hutangulia hadi mwisho wa kila mkondo kumpokea. Asiyejua kuogelea hukubaliwa, mradi aseme mapema. Wajawazito na wenye matatizo ya mgongo au moyo hubaki nchi kavu. Umri wa chini wa watoto hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na mzazi aulize pia kama kuna helmeti na majaketi ya saizi ya watoto, si ya wakubwa yaliyokazwa.

Kutoka Mwanza kwenda Jinja hupitwa Sirari, Kisumu na Busia, au Bukoba, Mutukula na Kampala, iliyo kilomita 80 hivi kutoka Jinja. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike.

Kichocho kipo huko kama kilivyo Mwanza. Konokono wanaokieneza hupenda kingo zenye majani na maji yaliyotulia, mahali ambapo boti hupumzika na watoto huogelea. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kupima au kumeza dawa siku ya pili hakusaidii. Wakati unaofaa ni wiki sita hadi nane baada ya safari.